Khabari za Tabibu Ali bin Ridhwan wa Misri

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake, katika karatasi hizi tunawaletea ndugu zetu khabari za Abul Hasan Ali bin Ridhwan, mmoja katika matabibu wakubwa wa Kiislamu. Makusudio yetu si kuwasifu waliotangulia tu, bali ni kutwaa faida katika jambo alilolishikilia: kwamba tabibu hawezi kuujua ugonjwa wa mtu mpaka ajue mahali anapokaa mtu yule, hewa aivutayo na maji ayanywayo.

Kuzaliwa kwake na kusoma kwake

Alizaliwa Giza katika nchi ya Misri, mwaka 388 wa Hijra, nao ni 998 wa Miladi. Baba yake alikuwa mwoka mikate, mtu fakiri. Alipotimu miaka 10 alikwenda mjini kutafuta ilimu, na alipoingia mwaka wa 15 akaanza kusoma utabibu na falsafa. Hakuwa na mali ya kuwalipa walimu, basi akajisomea vitabu mwenyewe, na huku akitafuta riziki kwa kutazamia nyota, na kwa kutibu, na kwa kusomesha. Alikuwa angali mtoto mwaka 1006 ilipozuka mbinguni nyota mpya yenye mwanga mkali. Baadaye aliieleza katika kitabu chake, na wanajimu wa zama zetu wangali wakiyatumia maelezo hayo.

Kidogo kidogo jina lake likaenea, hata akawa mkuu wa matabibu wa Misri katika dola ya Mafatimi. Alitaka tabibu awe mwenye kuhifadhi siri za wagonjwa, awe na hamu ya kuponya kuliko hamu ya ujira, na amtazame fakiri kama amtazamavyo tajiri.

Wala hakuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa mkali wa ulimi, na alipenda kubishana. Tabibu Ibn Butlan alipokuja kutoka Baghdad, karibu ya mwaka 1049, walitupiana maneno makali katika risala zao, hata wakatukanana kwa sura na kwa nasaba. Ilimu haimwondolei mtu ubinadamu wake.

Kitabu chake juu ya Misri

Kabla yake palikuwa na tabibu wa Qayrawan, jina lake Ibn al-Jazzar, aliyeandika juu ya maradhi ya Misri na sababu zake, naye hakupata kuiona nchi hiyo. Ali bin Ridhwan alipokisoma kitabu hicho alikiona kina makosa mengi, akaandika chake juu ya kuondoa madhara ya miili katika nchi ya Misri.

Hakuanza kwa dawa. Alianza kwa nchi yenyewe: mto Nili unavyojaa na kupwa, pepo zinavyovuma, na mlima Muqattam unavyouzuia upepo wa mashariki usiufikie mji. Kisha akaingia katika mji wa Fustat. Akaeleza kuwa njia zake ni nyembamba na majumba yake ni marefu. Kuwa watu hutupa mizoga ya paka na mbwa njiani ikaoza. Kuwa vyoo humwagika mtoni na watu wakanywa maji yale yale. Na kuwa moshi wa matanuri hukaa juu ya mji. Akafundisha vipi mtu ajikinge, na vipi ayasafishe maji kabla ya kuyanywa.

Katika zama zake matabibu walidhani kuwa hewa iliyoharibika yenyewe ndiyo mama wa maradhi ya kuambukiza. Leo twajua kuwa mengi hutokana na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Basi katika sababu alikosea, lakini katika kuuliza alipata.

Faida yake kwetu

Wako watu wa pwani waliokwenda bara kwa biashara wakafika hata Mara. Na tuitazame nchi ya Natta, upande wa Serengeti. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, ikafuatwa na ndui na njaa, watu wakahama. Palipokuwa na mashamba na malisho pakaota pori, na pori likaleta mbung'o, na mbung'o ndiye achukuaye malale. Maradhi yalikuja kwa kuwa nchi ilibadilika. Mwaka 2001 wasafiri kadhaa waliozuru mbuga za Serengeti na Tarangire walirejea kwao na malale. Mgonjwa wa namna hiyo, daktari asipomwuliza alikuwa wapi, humpa dawa ya homa nyingine, na siku zikapita.

Katika mkoa huo huo wako wachimbaji wadogo wa dhahabu. Huichanganya dhahabu na zebaki, kisha huichoma motoni, na mvuke wake humwingia mchomaji, na mke na watoto walio karibu. Mikono ikitetemeka na fahamu ikipungua, pengine husemwa ni pombe au ni uchawi, na kumbe swali moja juu ya kazi yake lingefumbua jambo. Na mwezi wa Mei 2009 maji makali ya mgodi wa North Mara, katika wilaya ya Tarime, yalivuja mpaka mto Tigithe, na wanavijiji wakalalamika juu ya miili yao na mifugo yao.

Basi mtu akija na upele akasema ni ule mto, tabibu asimcheke, wala asimwitikie kabla ya kujua. Na amwulize: wachota wapi maji? Nani mwingine nyumbani ana haya? Yalianza lini, na hupungua ukiondoka? Kisha ayaandike, na awapelekee wenye amri ili maji yapimwe. Dawa ya mtu mmoja haisafishi mto, lakini tabibu aliyeandika majina kumi yenye dalili moja amekwisha kuonyesha njia.

Na mgonjwa naye ana wajibu wake: asifiche kazi yake, wala asidhani kuwa moshi wa jiko na maji ya kisima si khabari ya daktari.

Mwisho wake

Husimuliwa kuwa wakati wa njaa kuu alimchukua binti yatima akamlea nyumbani kwake. Siku moja binti akatwaa mali yote akatoroka, na tangu hapo akili ya Ali bin Ridhwan ikageuka. Alifariki katika miaka ya 1060, na vitabu vyake vikafasiriwa kwa Kilatini, vikasomwa Ulaya.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie matabibu wenye kuuliza na wagonjwa wenye kusema kweli. Amin.