John Logie Baird: mvumbuzi aliyeshindwa na picha ya nusu nusu

Msikilizaji wetu, huenda umewahi kutumiwa kwenye simu video ya zamani, ya harusi au ya mpira wa miaka ya tisini, iliyohamishwa kutoka kwenye mkanda. Watu wakitulia picha ni safi. Mtu akikimbia au akipunga mkono, ukingo wa mwili wake unachanika vipande vyembamba kama meno ya chanuo. Wengi hudhani mkanda umeharibika. Mkanda ni mzima. Tatizo linatokana na namna ya kutuma picha iliyoshinda mchuano mkali jijini London mwaka 1936 na 1937, na aliyeshindwa ni mtu ambaye wengi humwita baba wa televisheni: John Logie Baird.

Baird alizaliwa tarehe 13 Agosti 1888 Helensburgh, mji mdogo wa pwani huko Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuugua ugua, na Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza jeshi lilimkataa kwa sababu ya afya. Alisomea umeme Glasgow, akaajiriwa, akaacha, akaingia kwenye biashara. Aliuza soksi za kuvaa ndani ya soksi nyingine ili miguu isipate baridi. Alikwenda kisiwa cha Trinidad kutengeneza jemu, wadudu wakamshinda. Akarudi London kuuza sabuni. Tunayataja haya ili ieleweke kwamba hakutoka kwenye maabara yenye fedha.

Mwaka 1923 alihamia Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, kutafuta hewa nzuri. Huko ndiko alikounda mtambo wake wa kwanza kwa kasha la kofia, sanduku la majani ya chai, sindano za kushonea, lenzi za taa za baiskeli, lakiri na gundi. Moyo wa mtambo ulikuwa sahani inayozunguka, yenye matundu yaliyopangwa kama mzunguko wa gamba la konokono. Kila tundu lilipopita lilisoma mstari mmoja wa picha, na mistari 30 ikatosha kuonyesha uso wa mtu. Mwaka 1924 umeme ulimpiga akanusurika, na mwenye nyumba akamtaka aondoke.

Akapanga vyumba Soho, katikati ya London. Oktoba 1925 alifanikiwa kuona kwenye kioo uso wa kikaragosi cha mbao alichokuwa akikifanyia majaribio. Alikimbia chini akamchukua kijana wa ofisi, William Taynton, akamkalisha mbele ya taa zenye joto kali, na ilibidi ampe fedha kidogo ili akubali kubaki. Tarehe 26 Januari 1926 aliwaonyesha wanasayansi mtambo huo, na hapo jina lake likaenea.

Jambo moja la miaka ile halisemwi sana. Kuanzia 1927 Baird alirekodi picha zake kwenye santuri, kama zile za muziki. Kurekodi aliweza. Kuzicheza zikaonekana vizuri hakuweza, kwa hiyo santuri zikawekwa kando.

Sasa tufike kwenye mchuano. Picha 25 kwa sekunde zinatosha kuonyesha mwendo, lakini kioo kinachochorwa mara 25 tu kwa sekunde kinapepesa na kuchosha macho. Ukichora mara 50, kupepesa kunapungua sana, ila unahitaji nafasi mara mbili kwenye mawimbi ya redio, na nafasi hiyo ni ghali. Wahandisi wa Marconi-EMI, wakiongozwa na Isaac Shoenberg, walichagua ujanja uliokuwa umekwisha kubuniwa: kugawa kila picha. Kwanza inatumwa mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea, kisha ya 2, 4, 6, kama mtu anayesuka mkeka kwa kuruka ukili mmoja na kurudi baadaye kuujaza. Jicho linapata nusu picha 50 kwa sekunde, na mawimbi yanabeba mzigo wa picha 25. Mfumo wao ulikuwa na mistari 405.

Mfumo wa kampuni ya Baird ulikuwa na mistari 240, yote ikichorwa kwa mfuatano, picha nzima baada ya picha nzima, mara 25 kwa sekunde. BBC ilipoanza matangazo rasmi ya televisheni tarehe 2 Novemba 1936, mifumo miwili ilipokezana wiki kwa wiki. Kwa vipindi vingi vya studio, upande wa Baird ulilazimika kupiga filamu kwanza, kuipitisha kwenye matangi ya dawa, kisha kuitangaza karibu dakika moja baadaye. Kamera yake ilikuwa nzito, imefungwa mahali pamoja. Wapinzani walikuwa na kamera ya umeme iliyoweza kutolewa hadi bustanini. Tarehe 30 Novemba moto uliteketeza jengo la Crystal Palace, na maabara za Baird zikiwemo. Februari 1937 BBC ilibaki na Marconi-EMI peke yake. Kwa maoni yetu iliamua vema; kwa vifaa vya wakati ule, picha za Baird hazikuwa na nguvu ya kushindana.

Lakini ujanja ule ulikuwa na deni. Nusu ya pili ya picha hupigwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde baada ya ile ya kwanza, na mchezaji anayekimbia amekwisha kusogea. Kwenye runinga ya zamani hilo halikuonekana, kwa sababu nusu moja ilikuwa ikififia wakati nyingine inachorwa. Kompyuta na simu huwasha mistari yote kwa pamoja, zikibandika nusu mbili za nyakati tofauti, na ndipo meno ya chanuo yanapotokea. Hata runinga zetu za Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia njia hiyo kwa miaka mingi, kwa mistari 625.

Dawa yake ni kufumua mistari. Programu inaweza kuchukua kila nusu peke yake na kukisia mistari inayokosekana. Mwendo unakuwa laini, ukali wa picha unapungua. Inaweza kuchanganya nusu mbili, lakini anayekimbia anaacha kivuli. Zilizo bora huchunguza kila sehemu ya picha: palipotulia zinaunganisha nusu zote mbili, palipo na mwendo zinakisia. Ukimpelekea fundi mkanda wa familia, mwombe afumue kabla ya kupunguza ukubwa wa picha, na akuachie pia nakala isiyoguswa. Video ikishapunguzwa na meno yake, kuyaondoa vizuri ni kazi kubwa mno.

Baird hakuacha kazi baada ya kushindwa. Mwaka 1938 alionyesha televisheni ya rangi kwenye ukumbi wa sinema London, na humo yeye mwenyewe alitumia mistari ya kupishana. Alifariki Bexhill tarehe 14 Juni 1946, akiwa na miaka 57, wiki moja baada ya BBC kurudisha televisheni iliyokuwa imezimwa wakati wa vita.

Santuri zake zilisubiri. Katika miaka ya 1980 mhandisi Donald McLean alianza kuziingiza kwenye kompyuta na kurekebisha mtikisiko uliokuwa umeziharibu, na nyuso zikaonekana. Kwenye mojawapo, iliyorekodiwa Machi 1928, kuna mwanamke aitwaye Mabel Pounsford akigeuza kichwa huku na huku. Mistari ni 30 tu, na yote imefuatana.