Marehemu Martin Kayamba na Chama cha Tanga

Mwezi huu tumeona vema tumkumbuke mwana wa Kanisa letu ambaye vijana wengi wa Ngamiani hawamjui, ingawa alifanya kazi kubwa katika mji huu.

Martin Kayamba alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, Unguja, katika jamaa ya Kibondei. Baba yake, Hugh Kayamba, alikuwa mwalimu wa Misheni ya UMCA, naye aliwahi kusoma Uingereza. Martin akasoma Kiungani, kisha akashika kazi ya ukarani, akitembea huku na huku Afrika ya Mashariki.

Vita vya mwaka 1914 vilimkuta upande wa Wajerumani. Watu wengi wa Misheni walidhaniwa kuwa wapelelezi wa Waingereza. Martin naye akakamatwa, akafungwa, mwishowe akapelekwa Tabora. Huko wafungwa waliona njaa, mapigo na maradhi. Mwezi wa Septemba 1916 Wabelgiji waliuteka mji, wakafunguliwa.

Akaja Tanga kuwa karani wa Serikali ya Waingereza. Mji aliukuta umegawanyika. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mioyo haikupoa. Wako waliofungwa na Wajerumani, na wako waliosoma katika shule yao hapa Tanga na kuwatumikia kwa uaminifu. Wengi wa hao wa kwanza walikuwa Wakristo, na wengi wa hao wa pili Waislamu. Sasa walikaa ofisi moja, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Kayamba angeweza kulipa kisasi. Badala yake, mwaka 1922, yeye na wenzake walianzisha hapa Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali. Hakikuuliza mtu dini yake wala kabila lake. Wanachama walikutana, walisoma magazeti, walicheza mpira, na kwa pamoja walipeleka Serikalini maombi yao juu ya kazi na mishahara. Kutoka katika vyama vya namna hii walitoka watu walioanzisha African Association huko Dar es Salaam mwaka 1929, ambayo baadaye ilizaa TANU.

Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge. Walikataa nchi yetu iunganishwe na Kenya na Uganda. Safari hiyo aliiandikia kitabu kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1939.

Lakini tuseme kweli yote. Chama kile kilikuwa cha wenye kalamu na mshahara. Mpagazi aliyebebeshwa mizigo ya vita hakuwa na nafasi ndani yake, wala kuli wa bandarini. Mwaka ule ule Kayamba alipofariki, makuli wa Tanga waligoma, kwa kuwa hawakuwa na wa kuwasemea.

Basi sisi tumepokea mambo mawili. La kwanza, aliyeteswa anaweza kukaa meza moja na aliyekuwa upande wa pili. La pili ni kazi aliyotuachia. Katika vyama vyetu vya kusaidiana na kuzikana mtaani, tutazame ni nani jina lake halimo daftarini kwa sababu hana ada. Huyo ndiye tuanze naye.