Ibn Sina, Tabibu Aliyeuandikia Usingizi wa Mtoto

Waliopita chuoni zamani walilisikia jina la Ibn Sina wangali wadogo, kabla ya kujua alikuwa nani hasa. Tuliambiwa kwamba alikuwa bingwa wa falsafa na utabibu, na kwamba Wazungu walimwita Avicenna, basi yakaishia hapo. Lakini katika kazi zake mna jambo moja lisilotajwa sana. Tabibu huyu aliyewatibu watawala na kushika uwaziri hakuona haya kuandika namna ya kumlaza mtoto mchanga.

Leo nataka kumweleza kwa upande huo. Shida aliyoizungumza ingali ndani ya kila nyumba yenye mtoto: usiku umekwenda, mtoto halali, analia, mama amechoka, na kila mtu ana shauri lake. Huyu asema mwache alie, atanyamaza mwenyewe. Yule asema usimwache hata dakika moja. Mama yu katikati, hajui amfuate nani.

UTOTO WAKE

Abu Ali Hussein bin Abdallah bin Sina alizaliwa mwaka 980, yaani 370 Hijra, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Babake alitoka Balkh, naye alikuwa mtumishi wa dola ya Wasamani. Mamake, Sitara, alikuwa mwenyeji wa kijiji hicho. Baadaye jamaa walihamia Bukhara, na huko ndiko mtoto alikotiwa chuoni. Alipotimia miaka 10 alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani na kusoma mengi katika adabu ya Kiarabu. Hesabu za Kihindi alifundishwa na muuza mboga, na fikihi akaisoma kwa Ismail al-Zahid.

Utabibu aliuona si elimu ngumu. Alipokuwa na miaka 16, matabibu wakubwa kwa umri walikuwa wakija kusoma kwake. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kwa muda wa mwaka mmoja na nusu wa ujana wake hakulala usiku hata mmoja ukatimia. Likimtatiza jambo alikwenda msikitini akasali na kumwomba Mola mpaka likamfungukia. Kitabu kimoja cha falsafa cha Aristotle alikisoma mara 40 asikielewe, hata siku moja sokoni akauziwa kijitabu cha al-Farabi kwa dirhamu 3, akakisoma, na fumbo likafumbuka. Siku ya pili yake alitoa sadaka nyingi kwa maskini kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Nami kila nikiyakumbuka hayo huona ajabu: mtu aliyeyanyima macho yake usingizi ndiye aliyekuja kuupima usingizi wa wengine.

UWAZIRI NA GEREZA

Alikuwa kijana wa kiasi cha miaka 17 alipoitwa pamoja na matabibu wengine kumtazama Amiri Nuh bin Mansur wa Bukhara, aliyekuwa mgonjwa. Kwa utumishi huo aliruhusiwa kuingia katika maktaba ya Amiri, akaona humo vitabu ambavyo wengi hawakuvijua hata kwa majina. Lakini raha haikudumu. Alipokuwa na miaka 22 babake alifariki, na dola ya Wasamani nayo ilikuwa imekwisha kuvunjika. Akatoka Bukhara, akapita mji hata mji, mpaka akafika Jurjan. Hapo alimpata mwanafunzi wake mwaminifu, Abu Ubaid al-Juzjani, aliyefuatana naye maisha yake yote, na hapo ndipo alipoanza kuandika kitabu chake kikubwa cha utabibu, al-Qanun.

Huko Hamadan, katika nchi ya Iran ya leo, alimtibu Amiri Shams al-Dawla maradhi ya msokoto wa tumbo, akafanywa waziri. Askari walimwasi, wakaipora nyumba yake na kutaka auawe. Akajificha kwa rafiki siku 40, mpaka maradhi ya Amiri yakarudi, akatafutwa, akaombwa radhi na kurudishiwa uwaziri. Mchana alikuwa kwenye kazi za dola, na usiku wanafunzi walikusanyika nyumbani kwake wakisoma kwa zamu vitabu alivyokuwa akivitunga. Amiri alipokufa, Ibn Sina alitiwa gerezani katika ngome ya Fardajan muda wa miezi 4. Baadaye alitoroka Hamadan amevaa nguo za masufi, akaenda zake Isfahan.

Katika misukosuko hiyo ndimo al-Qanun ilimoandikwa, juzuu 5, ikamalizika kiasi cha mwaka 1025.

ALIYOYASEMA JUU YA MTOTO

Katika juzuu ya kwanza ya al-Qanun kuna mafunzo juu ya malezi, tangu mtoto azaliwapo. Ibn Sina asema mtoto alazwe katika chumba chenye hewa ya wastani, si baridi wala si joto. Chumba kiwe na kivuli na giza kidogo, pasiwe na mwangaza mkali wa kumchoma macho. Tena mlezi aangalie kwamba malazi hayampindi mtoto shingo, wala viungo, wala uti wa mgongo.

Kisha asema mtoto apewe mambo mawili ya kumtia nguvu: kutikiswa taratibu, na sauti ya nyimbo ambazo kwa desturi huimbiwa watoto ili walale. La kwanza ni la mwili, la pili ni la nafsi. Na mtoto akisha kunyonya, susu lake lisisukwe kwa nguvu, maziwa yakachafuka tumboni. Abembezwe kwa upole.

Galen, tabibu wa Kiyunani, alikuwa amekwisha kutaja kabla yake kwamba walezi huwatuliza watoto kwa mwendo na kwa nyimbo. Lakini Ibn Sina aliliweka jambo hilo ndani ya kitabu kilichosomwa na matabibu kwa karne nyingi, mashariki na magharibi. Na tazama ajabu nyingine: katika sira yake, aliyoianza mwenyewe na kumaliziwa na al-Juzjani, hakutajwa mke wala mtoto. Hata hivyo aliuheshimu ujuzi wa akina mama, akauita dawa.

Sisi watu wa mashairi tunalifahamu vizuri jambo hili. Mama wa Pwani anapomwongoa mwanawe, mtoto huyo husikia mizani kabla hajajua neno hata moja. Haelewi maana, lakini aelewa kwamba sauti ni ile ile, mwendo ni ule ule, na kwamba yu salama.

Je, kuhusu kilio? Hapa ndipo penye hekima yake. Ibn Sina asema kulia kidogo kabla ya kunyonya humfaa mtoto. Hakusema kila sauti ni balaa ya kukimbiliwa. Lakini anapofika kwenye habari za mtoto aliyekua kidogo, asema alindwe na hasira kali, na hofu kali, na huzuni, na kukesha. Ukiyatia mawili hayo katika mizani utaona shauri lake: kilio kidogo si dhara, ila mtoto hafunzwi kwa kutiwa hofu.

WALIOFUATA BAADAYE

Si wote waliokaa katika wastani huo. Mwaka 1894 daktari wa New York, Luther Emmett Holt, alitoa kitabu cha malezi kilichosomwa sana Marekani. Yeye aliona kumbembeza mtoto ni tabia mbaya isiyo faida, na kwamba aliaye kwa mazoea aachwe mpaka anyamaze. Akina mama wengi walikaa nyuma ya mlango wakilia nao.

Waganga wengi wa leo wamerudi katikati. Hushauri mtoto awe na saa moja ya kulala kila siku, na mambo yale yale kwa mpango ule ule: aogeshwe, anyonye, taa ipunguzwe, aimbiwe. Kisha alazwe mahali pake akiwa na usingizi lakini hajafumba macho kabisa, ili ajizoeze kuumalizia usingizi mwenyewe. Akilia, mama angoje kidogo, kisha amwendee, amguse na kumsemesha kwa upole, bila ya haraka ya kumwinua. Siku ya kwanza huwa nzito, na kwa wengi huwa nyepesi kadiri siku zinavyokwenda. Lakini mafunzo haya si ya mtoto wa miezi ya mwanzo, ambaye huamka kwa njaa na ni haki yake kunyonyeshwa. Na mtoto mwenye homa, au anayetapika, au anayekataa ziwa, huyo hafunzwi usingizi, apelekwe hospitali.

Lazima niseme pia kwamba si kila alilolisema Ibn Sina lafaa kufuatwa leo. Aliona kichwa cha mtoto kiwe juu kuliko mwili. Leo imejulikana kwamba mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila ya mto wala nguo nzito karibu na uso. Hivyo hupunguza vifo vya ghafla vya usingizini. Na ni vyema awe na malazi yake peke yake, lakini katika chumba kimoja na wazazi kwa miezi 6 ya mwanzo au zaidi.

Kubwa zaidi ni hili: kwa mtoto akeshaye na kulia sana, Ibn Sina alitaja dawa za mmea utoao kasumba. Hiyo ilikuwa elimu ya zama zake. Huko Uingereza, katika karne ya 19, dawa za maji zenye kasumba ziliwaua watoto wengi waliopewa ili wanyamaze. Kwa hiyo asitokee mtu leo akampa mtoto dawa yoyote ya kumlaza, hata iwe ya kikohozi, bila ya amri ya daktari. Usingizi wa dawa si usingizi, na mwingine hauna kuamka.

MWISHO WAKE

Ibn Sina alifariki Hamadan mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijra, yaani 1037, kwa msokoto wa tumbo, maradhi yale yale aliyowatibu watawala. Imepokewa kwamba katika siku zake za mwisho aliwagawia maskini mali yake, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akihitimu Kurani kila siku 3. Kaburi lake lipo Hamadan hata leo. Kitabu chake kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na Gerard wa Cremona huko Toledo, na mwaka 1593 kikapigwa chapa kwa Kiarabu mjini Rome.

Wafalme aliowatumikia wamesahauliwa na wengi. Lakini usiku wa leo, katika nyumba nyingi, mama atapunguza taa, atamlaza mwanawe, atamwimbia kwa sauti ya chini na kumsuka taratibu, kisha atanyamaza asikilize. Asidhani kwamba afanya jambo dogo. Waziri na mwanafalsafa aliliandika katika kitabu cha dawa. Mwenyezi Mungu amrehemu.