Aldo Leopold, muwindaji aliyeomba kulungu wapunguzwe

Wakaaji wa pembeni ya Virunga wanajua vizuri ugomvi wa mnyama, shamba na mwenye bunduki. Kule Marekani, Aldo Leopold aliishi na ugomvi huo mpaka kufa. Alizaliwa mwaka 1887 katika jimbo la Iowa, na baba yake ndiye alimfundisha kuwinda.

Mwaka 1909 alipata kazi ya misitu ya serikali, huko Arizona na New Mexico. Siku hizo hesabu yake ilikuwa rahisi: ukiua mbwa mwitu, kulungu wataongezeka, na wawindaji watashiba. Yeye mwenyewe aliwapiga risasi. Na kweli, kwenye milima ya Kaibab kulungu waliongezeka, wakamaliza kila jani ambalo mdomo unafikia. Halafu njaa ikawaua kwa wingi.

Baadaye akahamia Wisconsin. Huko taabu ilikuwa ingine: mashamba yana wenyewe, na wawindaji wa mjini walikuwa wanaingia bila hodi. Mwaka 1931 Leopold na wakulima wa Riley wakaunda ushirika. Mkulima anatoa ardhi, mtu wa mjini anatoa pesa ya kulisha ndege wa kuwinda wakati wa baridi, na asiye memba haingii. Mambo ya kuelewana tu, lakini yalikuwa mapya kwao. Mwaka 1933 akawa profesa wa kwanza wa usimamizi wa wanyama wa kuwinda nchini mwake.

Vita kubwa ilikuja mwaka 1943, alipowekwa katika kamisheni ya mazingira ya jimbo. Kulungu wa kaskazini walikuwa wanakufa njaa ndani ya theluji. Leopold akaomba majike pia yapigwe. Kumbe kwa miaka mingi watu walifundishwa kwamba kuua jike ni kuharibu mbegu! Mwaka ule ule ruhusa ilitolewa, na kulungu zaidi ya 100,000 wakauawa. Raia walichukia. Wenye hoteli, waliotaka wageni waone kulungu, walichukia zaidi. Profesa alikuwa na hesabu zake, lakini watu waliona tu mizoga ya majike, na miaka iliyofuata hawakukubali tena.

Tarehe 21 Aprili 1948 moto ulishika majani kwa jirani ya shamba lake. Leopold alikimbia kusaidia kuuzima, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 61. Kitabu chake, A Sand County Almanac, kilitoka mwaka uliofuata.