Mohamed Amin: mtoto wa Eastleigh aliyeuonyesha ulimwengu njaa

Sisi watu wa pwani tukipanda bara aghalabu huwa ni kwa kazi, kwa ugonjwa au kwa harusi. Mimi safari hii nilikwenda kwa ajili ya picha. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Mvita, anajifunza upigaji picha huko Kalimoni, naye alinisihi sana nihudhurie siku ambayo wao hutundika kazi zao ukutani. Nikashuka Juja, nikakodi pikipiki, nikafika na vumbi hadi kwenye kofia.

Kalimoni iko baina ya Ruiru na Thika. Wengi waijua kwa misheni yake ya Kikatoliki, na pande zile zina machimbo ya mawe ya kujengea na ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hung'ang'ania kiatu kama mdai. Darasa lao ni chumba kimoja tu. Lakini utaratibu wao ulinipendeza. Mwenye picha hukatazwa kusema mwanzo. Husema wenzake, tena waanze na lile zuri waliloliona, ndipo waeleze lililowatatiza. Mwenyewe huwa wa mwisho, naye haruhusiwi kujitetea. Hueleza tu angefanyaje lau angepewa siku ile tena.

Mpwa wangu alikuwa amempiga picha mzee mmoja mvunja mawe, kwa mbali, mgongo umepinda. Wenzake wakausifu mwanga. Kisha ikatundikwa picha ya msichana wa darasa lao, mzee ni yule yule, ila katika hii mzee anatazama mbele, mkono umeshika nyundo, na usoni mwake mwajulikana kuwa alikuwa akizungumza na mpiga picha. Chumba kikanyamaza. Zamu ya mpwa wangu ilipofika, alikiri kwamba yeye hakuthubutu hata kumtolea mzee salamu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu Mohamed Amin.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943, katika nyumba ya Waislamu wenye asili ya Punjabi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na kazi hiyo ndiyo iliyowahamishia Dar es Salaam. Huko, akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, alinunua kamera kuukuu ya Box Brownie kwa shilingi 40. Shuleni kulikuwa na chama cha wanafunzi wapiga picha, naye akajiunga nacho.

Vijana wa leo hawakijui chumba cha giza, basi niwaeleze kidogo. Karatasi hutiwa ndani ya sinia ya dawa, taa nyekundu imewashwa, na wote mmeinama juu ya sinia moja. Picha huja polepole, kama uso utokao katika ndoto. Ya huyu imeungua, ya yule imetikisika, ya mwingine imetoka safi, na wote mwaona kwa pamoja. Hapana pa kuficha aibu. Mwenye akili huuliza aliyefaulu aliisimamisha kamera wapi. Katika mafunzo ya namna hiyo mtu hujifunza haraka kuliko kwa kitabu.

Mwaka 1963, kabla hata hajatimiza miaka ishirini na moja, alianzisha kampuni yake ya Camerapix papo hapo Dar es Salaam. Januari 1964 mapinduzi yalipotokea Zanzibar alivuka na kamera yake. Mwaka 1966 alipiga filamu ya mafunzo ya kijeshi yaliyoendeshwa visiwani na wageni kutoka nchi za kambi ya Mashariki, na kwa hilo akatiwa gerezani siku 27. Alipotoka, makao yake yakawa Nairobi.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Tom Mboya alipopigwa risasi mjini Nairobi, Amin alifika upesi akapiga picha na filamu. Mbio zake zilikuwa mashuhuri. Watu wa kazi yake walimwita Mo tu, na baadhi yao walimuogopa, kwani hakuwa mtu mpole. Alikuwa mchapakazi wa kupindukia, mgomvi wa viwanja vya ndege, hodari wa kupata kibali pale wengine waliporudishwa. Sioni haja ya kumpaka sukari kwa kuwa ni marehemu. Lakini ni mtu huyo huyo aliyekwenda Makka akapiga picha za Hija zilizotoka katika kitabu cha mwaka 1978. Katika kitabu hicho mahujaji hawakuonekana kama vitu vya ajabu, walionekana kama watu waliokwenda kwa Mola wao. Nalitaja hili kwa sababu maalim wangu wa chuoni hakupenda kabisa picha ya kiumbe chenye roho, nasi tulikua na wasiwasi huo kifuani. Nadhani kitabu kile kingalimfanya maalim anyamaze kidogo kabla ya kukemea.

Oktoba 1984 akaenda kaskazini mwa Uhabeshi pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Huko Korem, alfajiri na mapema, katika baridi, walikuta maelfu ya watu wamelala uwandani, na miongoni mwao maiti zimefungwa kwa shuka. Filamu ile ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha ikarushwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Fedha na chakula vikaanza kumiminika, na tarehe 13 Julai 1985 likafanywa lile tamasha kubwa la muziki London na Philadelphia.

Ukitazama picha zile za Korem utaona kitu ambacho msichana wa Kalimoni alikifanya bila kujua. Kamera iko chini, kimo cha mtu aliyeketi. Haikimbii. Hukaa juu ya uso wa mama mpaka wewe mtazamaji ndiye unayeona haya kwanza. Amin alikuwa ameshaona vita vya miaka ishirini, lakini mwenyewe alikuja kukiri kwamba Korem ilimgeuza.

Tarehe 4 Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini. Mwenzake John Mathai, fundi wa sauti, alikufa pale pale. Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alitiwa mkono wa bandia akarudi kushika kamera, jambo ambalo mimi mwenye mikono miwili mizima naliona kama la hadithi. Tarehe 23 Novemba 1996, akitoka Addis Ababa kurudi Nairobi, ndege ya shirika la Uhabeshi ilitekwa na watu watatu, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Walikuwamo watu 175, wakafa 125. Naye alikuwa mmoja wao, pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Mola amrehemu. Mwanawe Salim ndiye aliyeiendeleza kazi yake.

Sasa nami niseme langu, maana nilipokuwa nimeketi katika chumba kile cha Kalimoni nilikuwa na jambo langu la siri. Mvua za El Nino za mwaka 1997 zilipofurika, nami ningali kijana mwenye kamera mpya na tamaa ya jina, nilimpiga picha mama mmoja aliyekuwa amepanda juu ya paa la nyumba yake na mwanawe. Buibui lilikuwa limelowa likamganda mwilini. Sikumuuliza. Picha ikatoka gazetini, nikapongezwa. Baada ya siku nne nduguye alikuja mlangoni kwangu. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama nami nina dada.

Picha ile niliifungia kashani, sikuitazama tena. Mpwa wangu alipokuja Mvita likizo niliitoa, nikaitegemeza ukutani, nikamwambia tufuate utaratibu wao wa Kalimoni. Akaitazama kwa muda mrefu. Akaanza na maji, jinsi yalivyoshika rangi ya mbingu. Kisha akausifu mkono wa mtoto ulioshika shingo ya mamake. Akafika penye buibui, akanitazama, akanyamaza. Ikawa zamu yangu.