John Akii-Bua: bingwa aliyepita kambini na kurudi kwao



Safari hii tunawaletea maisha ya mutu ambaye wazee wengi walisikia jina lake kwa redio: John Akii-Bua wa Uganda.

Alizaliwa mwaka wa 1949 katika Lango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa na watoto 43. Akii-Bua akaingia kazi ya polisi, na ni kule mbio yake ilionekana. Kwanza alikimbia mita 110 za kuruka viunzi, kisha kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, akamuhamisha kwa mita 400. Hapo mutu anazunguka kiwanja chote mara moja na kuruka viunzi 10, kila kimoja sentimita 91.

Tarehe 2 mwezi wa tisa 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, walimupa njia ya ndani kabisa, penye kona kali kupita zote. Akamaliza kwa sekunde 47.82. Mbele yake hakuna mutu alikuwa ameshuka chini ya sekunde 48. David Hemery wa Uingereza, mwenye rekodi ya dunia, alifika wa tatu. Hiyo ilikuwa zahabu ya kwanza ya Uganda kwa Olimpiki.

Mwaka wa 1976 hakukimbia Montreal, juu inchi nyingi za Afrika ziligoma kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika Kusini.

Sasa tufike kwa mambo yanayotugusa. Idi Amin aliua watu wengi wa Lango, lakini alimuonyesha Akii-Bua kwa dunia kama ushahidi kwamba hawaonewi. Amin alipoanguka mwaka wa 1979, Akii-Bua aliogopa kuhesabiwa mutu wake. Akakimbilia Kenya na jamaa yake. Kule bingwa mzima aliwekwa katika kambi ya wakimbizi, sawa vile wanamemba wetu wengi walikaa Kala na Mwange, kule Zambia. Medali haikumufungulia mulango. Aliyemutoa ni kampuni ya viatu Puma, iliyojua kazi yake. Ikamupa kazi Ujerumani.

Mwaka wa 1980 alikimbia tena kwa jina la Uganda, Moscow, bila kufika fainali. Kisha akarudi kwao, akavaa tena nguo ya polisi na kufundisha vijana mbio. Alikufa mwaka wa 1997, na miaka 47, mujane, akiacha watoto 11. Serikali ilimuzika kwa heshima ya taifa.

Tunaona hivi: kilichomutoa kambini hakikuwa huruma tu. Kulikuwa mutu wa kushuhudia ufundi wake. Anayerudi hapa Kasapa na ushonaji, useremala ao ualimu anahitaji paka hayo: shahidi, na kazi ya kushika. Kwa hiyo tunaomba kila mwanamemba ambaye ufundi wake haujaandikwa apite ofisini. Na wafadhili, pamoja na unga, mutukumbuke na cherehani na misumeno.