Mary Jones: Msichana Aliyetafuta Biblia ya Lugha Yake

Wale mliokuwa ibada ya kwanza Jumapili iliyopita mliwasikia watoto wetu wakiombea watu ambao bado hawana Biblia kwa lugha yao. Baada ya ibada mama mmoja aliniuliza, kwa upole tu, kama watoto hao wanaelewa wanachoomba ama wanarudia maneno ya mwalimu. Nilimwambia nitamjibu hapa.

Mary Jones alizaliwa Desemba 1784 katika kijiji cha Llanfihangel-y-Pennant, milimani huko Wales. Baba yake, Jacob, alikuwa mfumaji wa nguo. Alifariki Mary akiwa bado mtoto mdogo, kwa hivyo alilelewa na mama yake, na maisha yalikuwa magumu. Sasa, Wales iko Uingereza lakini watu wake wana lugha yao, Kiwelshi. Kule milimani Kiingereza kilikuwa lugha ya wageni. Biblia ya Kiwelshi ilikuwepo tangu 1588, kazi ya William Morgan. Tafsiri ilikuwepo. Nakala ndizo zilikosekana, na zilizokuwepo bei yake haikuwa ya mjane.

Mary aliokoka akiwa na miaka 8. Alijifunza kusoma katika mojawapo ya shule za mchungaji Thomas Charles wa Bala, ambazo mwalimu alikaa kijijini muda mfupi kisha akahamia kijiji kingine. Lakini msomaji bila kitabu atafanya nini? Alikuwa anatembea kama kilomita 3 mpaka shamba la jirani aliyekuwa na Biblia, anasoma, anaweka moyoni, anarudi nyumbani. Wanaosimulia maisha yake wanasema alikuwa akimwomba Mungu ampe Biblia yake, na huku anafanya vibarua na kuweka senti kidogo kidogo. Akiba hiyo ilichukua miaka 6. Miaka 6, wapendwa! Wengine wetu hata chama cha miezi sita tunakitoroka.

Mwaka 1799 zilichapishwa Biblia za Kiwelshi 10,000, na zikaisha haraka sana. Mimi nilisoma biashara, na darasani tungesema mahitaji yalizidi bidhaa, basi chapisha zaidi. Lakini mahitaji ya maskini wa milimani hayakuwa yameandikwa kwenye hesabu ya mtu yeyote kule London. Ilibidi waje wenyewe kubisha mlango.

Mary alibisha mwaka 1800. Alitembea miguu mitupu kama kilomita 40 hadi Bala, karibu sawa na kutoka Nairobi mpaka Thika, akamwendea Bwana Charles. Karibu nakala zote zilikuwa zimeshaahidiwa watu wengine. Lakini Mary alirudi kwao na Biblia. Iko mpaka leo, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, na ndani yake ameandika kwa mkono wake tarehe aliyozaliwa na kwamba aliinunua katika mwaka wa 16 wa maisha yake.

Desemba 1802 Charles alikuwa London, akiwaeleza ndugu wa huko jinsi watu wa Wales walivyokuwa na njaa ya Neno. Katika mazungumzo hayo likazuka swali lingine: kama ni kwa Wales, kwa nini isiwe kwa dunia nzima? Tarehe 7 Machi 1804 ikaanzishwa British and Foreign Bible Society. Lugha mpya ya kwanza waliyoichapishia haikuwa hata ya Ulaya. Ilikuwa Injili ya Yohana kwa Kimohawk, lugha ya wenyeji wa Canada. Na ni hao hao waliochapisha Agano Jipya la Kiswahili la Askofu Steere mwaka 1879, na Biblia nzima 1891.

Mary mwenyewe hakutajirika. Nalisema wazi kwa sababu tumezoea ushuhuda unaoishia kwa gari na ploti. Aliolewa 1813 na Thomas Lewis, mfumaji kama baba yake, wakaishi kijiji cha Bryn-crug. Walizaa watoto 6, na wengi wao aliwazika yeye mwenyewe. Alifuga nyuki, na sehemu ya pesa za asali na nta akaitolea kazi ya Biblia. Mwaka 1854, akiwa karibu miaka 70, kulikuwa na mchango wa kuchapisha Agano Jipya kwa Kichina. Bibi huyu wa kijijini alitoa shilingi 10 za Kiingereza, nusu ya sarafu ya dhahabu, kwa ajili ya watu wa lugha ambayo hangeweza kusoma hata herufi yake moja.

Alifariki Desemba 1864, akazikwa hapo Bryn-crug.

Mama uliyeniuliza, darasa la watoto linaanza saa tatu asubuhi. Wiki hii wanaombea lugha nyingine, na kiti cha nyuma kipo wazi. Karibu uketi usikilize.